Likizo ya Dada Nimeiongeza Mimi

Baba Kibonge,

Maziwa ya mtoto yako kwenye chupa, nepi juu ya kabati. Namsindikiza dada wa kazi stendi, kisha naenda kazini. ~~Nitawahi kurudi.~~ Nitachelewa, tena makusudi.

Asubuhi dada kakuomba aongezewe likizo amuuguze mama yake. Ukamjibu, mkate umejaa mdomoni: “Muulize Kibonge kama anakubali.” Mtoto wa miaka miwili! Akamng'ang'ania dada mguuni, analia, nawe ukacheka: “Umeona? Kakataa.” Binti wa watu akalia pia. Nimekuonea kinyaa, hata chai imenishinda.

Nimemwambia akae mpaka mama yake apone. Wewe si uko likizo? Lea mwanao. Akitaka kubebwa nawe unatazama mpira, muulize kama anakubali.

Mama Kibonge