Mbuzi Alikuwa Wangu

Mpendwa binti yangu Akiru, uliye huko Juba,

Nakusalimu, ejok. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Kwa simu, kila nikitaja habari ya mbuzi unaniambia mtandao umekatika, na mimi nakusikia kabisa ukipumua. Kwa hivyo nimenunua daftari. Na barua hii sikuifunga. Nimeomba isomwe kanisani baada ya matangazo, halafu nitatoa fotokopi nibandike sokoni. Nataka Lodwar nzima ijue jambo moja, na wewe ujue la pili.

Lakini kwanza nikukumbushe. Ulikuwa na pengo la meno ya mbele. Lori la samaki lilisimama barabarani, dereva akakupa kipande cha barafu. Hukukila. Ulikifumba kiganjani ukakimbia nacho mpaka nyumbani uje unionyeshe. Ulipofungua mkono kulikuwa na maji tu. Ukalia, "Mama, naapa ilikuwa hapa!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku hizi nikikumbuka sicheki.

Mimi niliishia darasa la nne, kila mtu anajua. Nilikulea kwa samaki wa Kerio, kule ziwani, wale wa kukaushwa, kwa sababu samaki mbichi kwa jua letu hafiki popote na heshima yake. Wewe ukaniuliza, "Kwani mama, lazima wakauke?" Mama mwingine mtoto akiuliza hivyo anamfukuza akachote maji. Mimi nilijua hapo hapo nimezaa kichwa. Semeni najisifu. Nani mwingine mtaani kwetu ana binti aliyesomea mambo ya friji chuo cha ufundi, wavulana darasa zima na yeye peke yake msichana, akawashinda? Ulipanda mwenyewe juu ya mabati ukafunga sola, leso kiunoni, na mimi nikisimama chini nikimwambia kila anayepita, "Huyo wa juu ni wangu." Hata wale ambao hawajauliza.

Mashine yako ya barafu uliiunga kutoka kwa mbili zilizokufa. Barafu ya kwanza ilipotoka niliitafuna, jino likaniuma vibaya, nikamshukuru Mungu huku nimeshika shavu.

Na ile siku ya Kakuma, unaikumbuka? Tulifika na samaki wamelala ndani ya barafu, na Mama Furaha, yule Mkongomani anayeuza soko la kambi ya wakimbizi, akafungua sanduku akaruka nyuma. "Aye! Hii samaki iko inaniangalia!" Ukamwambia, "Inakusalimia, Mama Furaha." Akaiinua, akainusa, akaanza kulia. Alisema tangu atoke kwao ziwani hajashika samaki ya hivyo. Tuliuza wote kabla jua halijawa kali. Wakati wa kurudi ulilala begani kwangu, mikono yako inanuka samaki, na mimi sikujitikisa mpaka Lodwar.

Halafu ikaja habari ya leseni ya kutengeneza barafu. Karatasi ya maji ulikuwa nayo, ya afya ulikuwa nayo. Ilibaki sahihi moja, ya Bwana Jumatatu. Jina lake la kweli silitaji, mwenyewe anajijua. Sisi tulimwita hivyo kwa sababu kila ukienda alikuambia, "Njoo Jumatatu." Ukienda Jumatatu, faili haionekani. Siku moja ulimpelekea barafu ndani ya ndoo, aone kwa macho yake unachotengeneza. Ikayeyuka yote, ikamwagikia benchi, na faili bado inatafutwa. Karani akakugombeza eti umelowesha ofisi ya serikali. Ukatoa leso yako ukapangusa, ukasema, "Haya, tuonane Jumatatu."

Hukumpa kitu. Watu walikuambia, mpe kidogo uendelee na maisha yako, na wewe ukawajibu, "Nikinunua haki yangu leo, kesho wataniuzia tena hiyo hiyo."

Sasa nimefika. Lodwar, sikilizeni.

Bwana Jumatatu alikuja nyumbani mara moja kuangalia mashine. Wewe ulikuwa Kerio. Akaizunguka, akagongagonga mabati, halafu akatazama zizi langu. "Mama, mbona kwako pakavu hivi?" Nikamwambia Turkana yote ni kavu. Akacheka. "Binti yako ana kichwa ngumu. Lakini wewe ni mtu mzima, unaelewa." Akaenda zake, hata chai hakunywa.

Kesho yake nikamfunga kamba yule mbuzi jike mweupe wa masikio meusi, nikampeleka mpaka kwake. Wote walioniuliza niliwaambia mgeni alitoka kwangu na njaa, naondoa aibu. Lakini barua hii inasomwa kanisani, siwezi kudanganya. Nusu ya moyo wangu ilijua nilichokuwa napeleka. Nilikuwa nimechoka kukuona ukirudi kila Jumatatu na uso ule.

Uliporudi nikakuambia kwa maringo, "Mama yako amemaliza kazi." Ukaweka sanduku la samaki chini polepole. "Mama, mgeni ni mtu aliyekuja kukusalimia. Huyo alikuja kazini." Hukupiga kelele. Afadhali ungepiga.

Ukaenda kwa Bwana Jumatatu kumtoa mbuzi. Mchana kweupe, soko limejaa, wewe unavuta kamba na mbuzi amegoma kama anajua ameshakuwa wa serikali. Wanawake wanaouza vikapu wakakuita, "Akiru! Unampeleka wapi huyo?"

"Namrudisha nyumbani. Alikuwa ameenda kutafuta leseni."

"Amepata?"

"Ameambiwa arudi Jumatatu!"

Soko zima lilicheka. Mpaka leo mtu akicheleweshwa mahali popote hapa mjini anaulizwa kama ni yeye au ni mbuzi wa Akiru.

Lakini kicheko kile tulikilipia. Jumatatu iliyofuata faili ilionekana haraka sana, na ndani yake karatasi ya Kiingereza. Uliisoma ukiwa umesimama, halafu ukanigeuzia kwa Kiswahili: ombi limekataliwa, mwombaji alijaribu kumhonga afisa kwa mbuzi. Wakaja wakafunga mashine kwa mnyororo. Nikavaa viatu niende kusema ukweli, na wewe ukanishika mikono yote miwili. "Ukisema ni wewe, watakufunga. Mama, naomba unyamaze."

Nikanyamaza. Mdomo wangu huu unaojulikana kutoka hapa mpaka Kerio, ukanyamaza. Nikakuacha uchukue jina la mtoa hongo upite nalo Lokichoggio, uvuke nalo mpaka, ukatengeneze friji za watu wengine.

Akiru, nyumba imekuwa kubwa. Naifua ile leso yako na hakuna aliyeivaa. Kila asubuhi nilikuwa napangusa vumbi kwenye mashine, na kwenye mnyororo wake pia, kwa sababu sijui kupangusa nusu. Nikipika bado naweka sahani mbili, halafu moja naila kesho yake. Mama Furaha haachi kunitumia salamu kwa madereva, "Mutoto ya barafu anarudia lini?" Na joto likizidi mchana, nafungua kiganja changu nakiangalia tu, kama mjinga.

Miaka miwili nimenyamaza. Sasa ninalokuambia usinikasirikie.

Mwezi uliopita kamati ya kusikiliza malalamiko ya wananchi ilikaa hapa ukumbini. Nilivaa shanga zangu zote. Waliposema mwenye neno asimame, nikasimama. Nikasema, "Mbuzi alikuwa wangu. Nilimpeleka mimi, binti yangu hakujua, na alipojua alimrudisha mchana soko zima likiona. Nani anayehonga halafu anarudi kuchukua?"

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akaniuliza kama najua maneno hayo yanaweza kunipeleka jela.

"Nipelekeni," nikamwambia, "lakini mwandike vizuri. Wekeni jina langu, mfute lake."

Basi nikasikia viti nyuma yangu. Wale wanawake wa vikapu walikuwa wanasimama mmoja mmoja. "Mimi nilimwona huyo mbuzi akirudishwa." "Na mimi." "Mimi alinikanyagia kikapu, na sijalipwa!" Mwenyekiti akashika mdomo asionekane anacheka.

Hawakunifunga. Walinipa onyo kwa maandishi, karatasi nzuri yenye mhuri, nimeibandika ukutani karibu na cheti chako cha chuo. Bwana Jumatatu naye hajafungwa, usifurahi bure. Amehamishwa tu, na huko alikoenda sidhani kama hawana Jumatatu. Lakini ile karatasi ya hongo imetolewa kwenye faili. Mnyororo wamekuja kuukata wenyewe. Na leseni imeandikwa, Akiru. Nimeiona kwa macho yangu, ina jina lako, hakuna herufi iliyopotea. Nilinyoosha mkono niichukue, karani akaivuta. "Si wewe, mama. Mwenyewe aje atie sahihi."

Hilo ndilo la pili.

Yule mbuzi wa masikio meusi amezaa mara mbili tangu uondoke. Kuna dume moja limenona, watu wananiuliza namwekea nani. Nawaambia ni la mgeni. Usije ukawa wewe huyo mgeni, mwanangu. Sitaki kukutandikia ngozi nikuulize habari za huko utokako. Nataka uingie bila kubisha hodi, useme chumvi imezidi, upande juu ya mabati kabla hujamaliza kula. Njoo ungali mtu wa nyumba hii. Njoo siku yoyote, hata Jumatatu.

Ni mimi mama yako,
mwenye mbuzi.