Wanasema Naumwa Macho

Jumatano, 2 Novemba 1983

Wote wamekwenda misa ya marehemu. Nimeachwa. Mama anawaambia watu ni kwa ajili ya macho — jua, vumbi, moshi wa mishumaa. Macho yangu ni mazima kabisa. Hapa kwenye dirisha la stoo ninamoshinda namwona kunguru kwenye paa la jirani, na kijiti alichoshika mdomoni nakiona pia.

Huu ni mwezi wa tatu tangu shule inirudishe. Barua ya mkuu wa shule ilisema nipumzike mpaka nitakapokuwa sawa. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akatoka nje, na akamwambia mtu wa kwanza aliyekutana naye kwamba ni macho. Basi yakawa macho. Baba ni balozi wa nyumba kumi, akishasema limeshatangazwa.

Kinachoniuma sijui nikiite nini. Asubuhi mwili haunyanyuki. Nalia nikichambua maharage, na hakuna aliyekufa. Shuleni nilikuwa nashinda bila kula na njaa sisikii. Wenzangu bwenini walianza kwa kunionea huruma, wakaishia kuhamisha vitanda vyao.

Jumamosi, 5 Novemba

Barua nne leo. Mwenye macho mabovu ndiye karani wa nyumba kumi! Mmoja sukari ya msiba, mmoja sabuni ya mzazi, wawili safari. Siku hizi za msako wa Nguvu Kazi bila barua ya balozi hata hapo Bonga huendi kwa amani, utakamatwa kwa uzururaji. Baba anawasikiliza sebuleni, kisha anaingia stoo "kutafuta mhuri". Ananinong'oneza, naandika, anagonga, anatoka. Watu wanasifu mwandiko wake. Mwandiko wa Baba mwenyewe ni kama kuku kapita kwenye majivu.

Karatasi zinachanwa humu humu kwenye daftari langu. Madukani hakuna. Kila anayepata sukari ameondoka na ukurasa wangu.

Nimegundua kitu: siku ya barua nyingi nakula. Siku isiyo na barua chakula hakipiti.

Natalia wa nyumba ya nane alisimama dirishani akaniona naandika. Ana miaka minane. Hajasema neno tangu nyumba yao ilipoungua mwezi wa nne. Alinipungia mkono, nami nikampungia. Nje ya nyumba hii siri yangu anaijua yeye peke yake, na hatamwambia mtu.

Jumanne, 8 Novemba

Mama kanipeleka kituo cha afya kabla watu hawajaamka, nimejitanda khanga mpaka puani. Mganga Theodori hakuyagusa macho. Aliuliza nalala vipi. Aliuliza kama huwa natamani nisingekuwepo. Nikasema ndiyo. Mama akaangusha kikapu. Theodori hakushtuka, akauliza jingine, na mimi nikajikuta nasema, nasema, mpaka koo likakauka. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Anasema ni ugonjwa kama magonjwa mengine, unawapata hata watoto wadogo. Yeye hapa hana dawa yake, na alichojifunza ni kidogo. Dodoma yuko daktari anayewaona watoto wa namna yangu. Gari la masista linakwenda huko Alhamisi ya tarehe 17 kufuata dawa. Lina nafasi moja ya mgonjwa. Mafuta ni ya shida, halitakwenda tena mpaka mwakani. Na Sista hapandishi mtu bila barua mbili, ya mganga na ya balozi, na ziseme jambo moja.

"Nikiandika akili, baba yako akaandika macho, Sista atauliza nani mwongo. Atapanda mwingine."

Njiani Mama alinishika mkono. Tulipoanza kukutana na watu akaniachia.

Jumatano, 9 Novemba

Baba amekataa. Hakupandisha sauti. Alisema neno hilo haligongewi mhuri wake. Leo binti, kesho watasema ukoo wetu mzima kule Dareda. Ataandika macho, na Theodori abadilishe ya kwake. Mama akamjibu kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, polepole, maneno machache. Baba akachukua jembe akaenda shamba. Ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Ijumaa, 11 Novemba

Hakuna barua. Sikula.

Jumapili, 13 Novemba

Mama Hilaria, jirani yetu wa karibu, kaja kusalimia baada ya misa. Ukuta ni mwembamba. Anamwuliza Mama ni macho gani hayo ya kufungiwa ndani, au ni macho yatakayozaliwa mwezi wa tatu mwakani. Mama akacheka kwa heshima. Nami huku stoo nikacheka, kweli nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Kisha kicheko kikageuka kilio na sikuweza kukizuia. Niliuma khanga wasinisikie.

Niko mpweke. Naliandika hivyo hivyo. Nyumba ina watu watano, na mimi ni mpweke.

Jumanne, 15 Novemba

Amekuja mama yake Natalia. Barua ya kwenda Dodoma. Gari lile lile! Theodori kamwambia kama alivyotuambia sisi.

Nilisikia kila kitu. Baba akamwuliza kwa sauti ya chini, tuandike koo?

"Koo la nini, Balozi? Koo lake ni zima. Mtoto kaingiwa na hofu, akili yake imejificha. Andika hivyo hivyo."

Baba akasema watu watasema.

"Waseme. Yeye hawezi kusema. Nikiona aibu na mimi, nani atamsemea?"

Baba akaingia stoo. Alisimama akiugeuza mhuri mkononi. Nikamwambia nimesikia.

Nilifika kwenye neno akili nikasimama. Nafasi ni moja. Ningeweza kuandika koo, au kumwaga chai juu ya karatasi, na hakuna ambaye angejua. Nilitaka. Nakiri hapa, nilitaka sana. Nikakumbuka mkono ule dirishani. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, kila herufi imesimama. Baba akagonga mhuri. Hakutoka mara moja. Alibaki ameishika ile barua, anaisoma.

Jumatano, 16 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Baba hakwenda shamba. Mchana kaingia stoo, kakaa juu ya gunia la mahindi. Akaomba karatasi. Nikajua kuna mtu sebuleni, nikajiweka tayari. Hakukuwa na mtu. Akaomba na kalamu.

Akaandika mwenyewe. Alichukua muda mrefu, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. "Mimi balozi wa nyumba kumi, kijiji cha Nakwa. Anayeleta barua hii ni binti yangu Paskalina. Tatizo lake ni". Kalamu ikasimama.

Nikamwambia, Baba, nafasi ni moja na Natalia ameshapeleka barua yake. Akasema anajua. Kesho asubuhi atakwenda mwenyewe kwa masista, atasimama pale mlangoni mwa gari. Ninyi wawili wembamba, akasema, mtapakatana. Sista akikataa je?

Kisha, bila kuinua uso: "Niambie, mama. Unaumwa nini? Niandike kama ulivyo."

Miezi mitatu. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka, nikawa Natalia. Akasubiri. Mbuzi wakaanza kulia nje, akasema ngoja niwaingize, usiondoke. Kana kwamba nina pa kwenda.

Kwa hiyo naandika haraka, kwa kipande cha penseli. Kalamu kaiacha juu ya barua. Mstari bado umeishia pale pale.

Namsikia anafuta matope mlangoni. Anakuja. Nitaanza na vile vitanda bwenini