Kifurushi Kilicholowa

Jumatatu, 12 Mei
Barua kumi na moja leo. Nimezigonga muhuri, nimeziingiza kwenye rejista. Ukungu Karatu nzima mpaka saa nne.

Halafu Zuhura, mfanya usafi wetu, akaleta kifurushi kilichoshushwa na gari la Loliondo. Hakina jina la mtumaji. Selotepu imezungushwa kupita kiasi. Kona moja imelowa, rangi ya kahawia. Kinanuka vibaya.

Nikamwambia akiweke mezani taratibu, asikitikise. Nikazima feni. Tukatoka, nikafunga mlango wa masjala kwa ufunguo. Tukanawa kwa sabuni bombani, mpaka viwiko.

Meneja, Bwana Tluway, akaja na kisu. "Hii ni ofisi ya wafugaji, Rehema. Unaogopa harufu?"

Nilikataa kumpa ufunguo. Nikapiga simu polisi na kwa daktari wa mifugo.

Jumanne, 13 Mei
Daktari alikuja jana jioni na polisi mmoja. Glovu, barakoa, ndoo yenye mfuniko. Hakukifungua hapa. Leo watu wa afya wameandika majina ya waliokigusa, wamepuliza dawa chumbani. Zuhura ana mkwaruzo kidoleni. Wametupatia vidonge sote wawili, tahadhari tu.

Bwana Tluway hanisemeshi. Wengine wananiita Mama Bomu. Inaniuma. Sijutii.

Jumatano, 14 Mei
Simu ya ofisi, asubuhi. Mwanamume, kwa upole kabisa: "Mama, sikio mmelipata?"

"Sikio gani?"

"La ng'ombe wangu. Amekufa ghafla, damu puani. Nikaona daktari wenu alipime."

Anaitwa Lekishon, yuko jirani na Samunge, huko Loliondo. Sikumgombeza. Alikuwa anaomba msaada. Nikamuuliza nani amemchuna huyo ng'ombe.

"Mke wangu."

"Mzima?"

"Ana kidonda mkononi. Cheusi. Hakimuumi."

Nikamwambia nyama isiliwe, ngozi isiguswe, mama apelekwe zahanati leo, si kesho. Akasema zahanati ni mbali. Nikamwambia atafute pikipiki sasa hivi, nitampigia saa nane. Nilipiga. Walikuwa njiani. Nikampa daktari wa mifugo namba yake.

Ijumaa, 16 Mei
Majibu ya lile sikio yametoka. Kimeta.

Zuhura amelia. Nimemshika mkono, nimemhesabia vidonge vilivyobaki, nimemwambia asiruke hata kimoja. Nami naogopa, ila hilo sikumwambia.

Bwana Tluway alisimama mlangoni pangu muda mrefu. "Ningekipasua," alisema. Basi. Mchana akabandika tangazo kwa mkono wake: kifurushi kisicho na jina, au kinachovuja, hakifunguliwi na mtu yeyote, yeye akiwemo.

Jumatatu, 26 Mei
Manyunyu asubuhi. Barua nne tu.

Zuhura mzima. Mimi mzima. Ng'ombe wa kijijini kwa Lekishon wamechanjwa.

Amepiga saa sita. Kidonda kimekauka, alisema. Leo mkewe amekamua mwenyewe. Nikamwambia nimefurahi. Hakuna aliyekata simu. Nikawa nasikia kengele za ng'ombe, mpaka salio lake likaisha.