Waliyemfukua Uani

Jumatano. Mawingu mazito tangu asubuhi, mvua haitaki kunyesha, na mimi leo simwamini mtu.

Naandika nikiwa Chikongola, kwenye intaneti kafe. Meneja kanituma mjini kununua saruji.

Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya mtoni kwetu, lile boma la Mjerumani lililokaa gofu miaka mingi kabla ya kukarabatiwa. Wiki iliyopita alifika mgeni kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Mzee Amade. Alikataa chumba cha ghorofani, kile ambacho wageni wote wanakigombea kwa sababu unauona mto. Akataka cha chini, kinachotazama uani.

Nikaanza kumshuku hapo hapo.

Kila asubuhi alizunguka uani taratibu, akigonga sakafu kwa fimbo yake. Kwetu tumekua tukisikia kwamba Wajerumani walifukia rupia kabla ya kukimbia. Nikamweleza Meneja. Akaniambia nimchunguze.

Basi nikampelekea chai, nikakaa naye.

"Mzee, unatafuta nini pale?"

"Mwanangu, wakati wa vita na Mreno tulikimbilia huku, tukalala humu humu. Mtoto wangu wa kwanza alifariki kwa homa. Nilimzika uani mwenyewe. Sasa pamewekwa saruji, sipaoni."

Sikumwamini. Nilimpelekea Meneja maneno yale kama yalivyo, naye akacheka. "Mtoto gani? Huyo keshajua rupia ziliko."

Jana mchana, Mzee akiwa msikitini, Meneja alimwita fundi, wakavunja sakafu pale ambapo ile fimbo ilikuwa ikirudi rudi. Nami nilisimama pembeni. Nilitaka kuziona hizo rupia.

Tukakuta mifupa midogo, na kipande cha kanga kilichooza.

Fundi aliweka sururu chini, akavua kofia. Mzee akatukuta hivyo hivyo. Hakugomba. Alikaa ukingoni mwa shimo, akaniangalia.

"Wewe ndiye uliyewaambia?"

"Ndiyo, baba."

"Ahsante sana."

Alidhani nimemsaidia.

Jioni Meneja akaniagiza saruji, shimo lizibwe kabla ya wageni wa Jumamosi. Mzee atavushwa kwao, na mimi nifunge mdomo. Lakini leo asubuhi, wakati naondoka, nilimsikia fundi akichimba tena, upande wa pili wa uani. Sasa ninayemshuku ni Meneja.

Duka la saruji nimelipita. Nimenunua bafta nyeupe ya kumtosha mtoto mdogo, na nimempigia simu imamu wetu. Amesema atakwenda pale hotelini mwenyewe, anisubiri.

Kazi huenda nikaikosa. Ninaloliogopa zaidi ni kufika nikute Mzee ameshavushwa.

Nikimkuta, nitamwambia ukweli kwa nini nilimpelekea ile chai. Kisha nitamkabidhi sanda ya mwanawe.

Sijui kama ataipokea mkononi mwangu.