Dagaa kwenye kahawa ya Mzee Benno

Fahadi, usicheke. Nimeharibu kahawa ya mtu.

Unajua shangazi Prisila yuko kwenye timu inayomtafutia mnunuzi wa nje kahawa bora. Juzi alinipa nibebe mfuko wa sampuli ya kahawa ya mkulima mmoja, Mzee Benno, kutoka Ludewa hadi Makambako. Mimi, kwa hekima yangu yote, nikatia dagaa wakavu wa Manda mfukoni humo ili shangazi akifungua aruke kwa mshtuko. Hakufungua. Leo asubuhi nikawatoa kimya kimya.

Watu wa timu wakaikaanga kahawa, wakasaga, wakaonja. Mnunuzi akavuta funda moja kwa kijiko, akatema.

“Samaki.”

Samaki, Fahadi! Akasogeza kikombe pembeni, akahamia cha jirani. Basi, imekwisha.

Na Mzee Benno alikuwepo. Miaka mitatu anachuma zilizoiva tu, punje kwa punje, apate mnunuzi huyu.

Akamwambia shangazi, “Nisamehe, mama. Ni vile vichanja vya kukaushia. Wajukuu walianikia dagaa pale, nikadhani nimevisugua vya kutosha.”

Nilikuwa nimesimama hapo hapo na birika. Nikaendelea kumimina maji vikombeni.

Shangazi akasema, “Vichome tu, baba. Huyu kijana atakuja kesho kukusaidia.”

Nikaitika, “Sawa, shangazi.”