Lile Besi Nimeliuza

Chumba cha Uani,
Nyuma ya Duka la Vitambaa.
Jumatano, 14 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Hujambo? Wifi yangu hajambo, na watoto? Uliniambia yule mdogo anasumbuliwa na masikio. Natumaini amepata nafuu. Sisi huku wazima, isipokuwa macho ya mama, na ndiyo yaliyoanzisha haya ninayotaka kukueleza.

Daktari kasema miwani haisaidii tena. Jicho la kulia litapasuliwa tarehe tisa mwezi ujao, la kushoto baadaye. Siku hizi mama ananitambua kwa hatua tu. Chai anaimimina mpaka inafurika sahanini, kisha anasingizia kikombe. Anataka nikubali kwamba kikombe ni kibovu, nami nakubali.

Nilipokueleza kwenye simu ulisema niuze lile besi langu tupate pesa za upasuaji, eti linakula vumbi na mimi silipigi tena. Ulisema kwa wepesi, kana kwamba unaniambia nitupe gunia kuukuu. Ni kweli silipigi. Tangu uondoke hakuna bendi, na kutwa nzima nakata sare za shule, hata jioni vidole havikunjuki. Lakini vumbi halijawahi kulilalia. Kila wiki nalifuta kwa mabaki ya flaneli.

Basi nikabandika tangazo kwa mwenye duka la vitambaa: gitaa la besi, nyuzi sita, limetumika, sauti nzuri. Wa kwanza kuja alitaka la nyuzi nne, akanihoji kwa nini langu lina mbili za ziada, utadhani nimezishonea mimi. Wa pili alitaka kupigwa nalo picha tu. Wa tatu, Jumamosi iliyopita, ni fundi wa majokofu anayepiga besi kwenye kwaya yao, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Nilisogeza cherehani, akakaa kwenye kiti changu. Mama alikuwa amejilaza upande wa pili wa pazia.

Kitu cha kwanza alichokiona ni kile kichuma cha kukazia uzi mnene, ambacho hakishiki. Unakikumbuka. Tulikuwa tunakipachika kitambaa ili uzi usilegee, na bado ulikuwa unalegea katikati ya wimbo. Fundi akakizungusha kwa vidole viwili, akatikisa kichwa, akaniomba nipunguze bei kwa sababu hiyo. Nikapunguza.

Kisha akasema atalijaribu kwa wimbo mmoja anaoupenda kuliko yote, akaanza kupiga. Ulikuwa wimbo wako.

Nikuambie jambo usilolijua. Miaka yote hii sikuwahi kuusikiliza wimbo ule mpaka mwisho. Uliponiambia kwamba huko mmerekodi upya, kwamba besi kalipiga mtu wa huko kwa kuwa rekodi yetu ilikuwa na makosa, niliumia, lakini nilikuamini. Redio ikiuanza tu, mimi huyo nje, najifanya naanua nguo. Sikutaka kumsikia mtu mwingine amekaa mahali pangu.

Sasa fundi akafika katikati, pale baada ya kiitikio cha pili, akabaki kwenye uzi mmoja, ndu, ndu, ndu, halafu akatelezesha kidole ili sauti ipande polepole. Akasimama, akacheka. "Hapa ndipo huyu bwana alipotuweza, dada. Mwaka wa tatu huu nahangaika, haitoki kama yake."

Wewe unajua pale pana nini. Zile si mbwembwe. Siku ile studio uzi ulilegea nikawa sina la kufanya. Kidole gumba kikaendelea kuupiga vile vile, na mkono wa kushoto nikaupeleka juu kukaza kile kichuma, wimbo ukiendelea. Tulipomaliza nilikuomba radhi, nikasema turudie, ukasema muda wetu umekwisha. Hakuna mpigaji mwingine ambaye angekosea namna ile, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kichuma kibovu kile.

Nikamwuliza fundi kama anao wimbo wenyewe. Akauweka kwenye simu yake. Nikausikiliza nimesimama, mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza. Ni mimi. Hata kiti nilichokalia studio kinasikika kikilia mwishoni. Na chini ya picha yako pameandikwa: sauti, jina lako, gitaa, jina lako, besi, jina lako. Kumbe hata huyo mtu wa huko hakuwapo.

Nilimwomba fundi anipishe kiti. Nikachomoa kile kitambaa kwenye kichuma, nikauacha uzi ulegee, nikapiga pale kama nilivyopiga siku ile, mkono mmoja chini na mmoja juu. Sauti ikapanda ile ile. Fundi alitoa macho.

"Dada, hii nani kakufundisha?"

"Mdogo wangu," nikasema.

Nilisema hivyo kwa ajili ya mama. Nilihofu yuko macho, na sikutaka ajue mwanawe kafanya nini. Fundi akalipa, akalikumbatia besi lake, akaondoka anatabasamu peke yake.

Ndipo mama akaniita. "Aliyepiga kwanza alikuwa mgeni," akasema. "Wa pili ulikuwa wewe." Nikalisogeza pazia. "Hata redioni ni wewe. Nilikujua siku ya kwanza walipoupiga."

Nilimwuliza kwa nini basi hakusema, miaka yote hiyo. Akanijibu taratibu, bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza mahali alipoweka chumvi. "Mwenzio yuko mbali, mwanangu. Nikimsema atakasirika, ataacha kupiga simu. Wewe uko hapa hapa, utakwenda wapi?"

Leo siku ya nne nayameza maneno hayo na hayashuki. Nina uchungu, mdogo wangu, sitakuficha. Uchungu na wewe uliyenidanganya ukijua nitaamini. Uchungu na mama pia, ambao siwezi kumwonyesha kwa sababu kila asubuhi ni mimi ninayemtia dawa machoni. Nyote wawili mlinifanyia hesabu ile ile: aliyeondoka abembelezwe, aliyebaki atavumilia, si yupo.

Sidai mapato ya wimbo, wala sitaki kuitwa majukwaani; nani atamwita mshona sare. Nataka jambo moja. Jumapili ukipiga simu, mwambie mama kwa kinywa chako kwamba mkono ule ni wangu. Anajua, hatashtuka. Nataka tu aone kwamba unaweza kuambiwa ukweli na Jumapili inayofuata ukapiga tena.

Nisalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawapenda bila kinyongo chochote, wao hawamo. Baba mdogo anakusalimu, goti lake limetulia. Binamu yetu kinyozi naye anakusalimu na anakutangaza kwa kila anayekaa kwenye kiti chake. Sijamwambia kitu.

Mungu akulinde huko ugenini, akuzidishie riziki, na akupe moyo wa kusema lililo kweli. Moyo huo ukikosekana, piga tu kama kawaida, mama asikukose. Simu nitampa yeye. Usiombe kuongea na mimi.

Ni mimi nikupendaye, ingawa leo kwa kujilazimisha,

Dada yako.