Nilisema Flashi Ni ya Nanjala

Mpendwa Mshauri,

Hiki ninachokuandikia sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mwalimu wangu wa Kiswahili ambaye husoma insha zangu zote, na naomba msaada wako kwa sababu nimekisema kichwani mara nyingi mpaka chakula hakinipiti: mimi ndiye niliyefanya Nanjala afukuzwe nyumbani kwetu. Majina yote nimeyabadilisha.

Niko Kidato cha Tatu, naishi Kangemi na mama yangu, tuko wawili tu, na Nanjala, ambaye ana miaka ishirini na minne, alitufanyia kazi za nyumbani kwa miaka sita. Shuleni sina rafiki, si kwamba wananichukia, ni kwamba nikiulizwa kitu mbele ya watu maneno hukwama, kwa hivyo hukaa na vitabu, na mwaka huu nilianza kupenda katuni moja ya Kijapani niliyoipata River Road, mjini, siku mama aliponituma kwa mpiga chapa kuchukua kadi za harambee ya kanisa, nikapita duka la muvi na jamaa wa hapo akanijazia flashi nzima.

Najua ukisikia hadithi yenyewe utacheka. Kuna kijana wa kawaida, mwoga kama mimi, anayerithi nyumba ya nyanya yake, na kabati la jikoni linafungukia nchi ya uchawi, na wasichana watano wanatoka huko mmoja mmoja na kukataa kurudi, mmoja ana pembe, mmoja akipiga chafya anageuka paka, wote wanampenda huyo kijana na kugombania kukaa karibu naye mezani, na kila wakijaribu uchawi wa kumfurahisha, nyumba inaungua au inajaa vyura. Mimi sikumpenda kijana wala mapenzi yao. Nilipenda kwamba hata msichana akiharibu nini, jioni ikifika sahani yake ipo, na hakuna hata siku moja mtu anaambiwa afungashe aende.

Nanjala alikuwa anapiga pasi huku mimi namtafsiria maandishi ya chini, maana ni ya Kiingereza na hupita haraka, naye ana maneno huyo, huniita Profesa, anasema, "Wasichana watano na hakuna hata mmoja ameshika sufuria! Profesa, huyo wa pembe mlete hapa soko ya Kangemi, atauza hata mawe." Sijawahi kucheka na mtu kama nilivyocheka na Nanjala.

Sasa mama ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani, ambao hukutana kila Alhamisi nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu, na likizo ya Aprili zamu ikawa yetu. Walibisha geti mapema tukiwa bado tunatazama, nikazima tivi, nikakimbia kufungua, na nikasahau flashi nyuma yake. Baada ya nyimbo mama akamwambia Nanjala awashe tivi waone video ya mkutano wa injili, na tivi yetu ukiiwasha huendelea pale ilipoachia, kwa hivyo wamama kumi na wanne wenye vitambaa kichwani na vikombe mkononi wakamwona msichana mwenye pembe, amejifunga taulo, amesimama katikati ya nyota iliyochorwa kwa chaki, anaimba maneno ya uchawi.

"Shindwe!" Mama Carolyne akapiga kelele. "Shindwe kwa jina la Yesu!" Na chai yake ikamwagikia kochi.

"Hii ni nini kwa nyumba yangu?" mama akauliza, na hakunitazama mimi hata kidogo. "Wewe Nanjala, ni wewe umeleta hii kitu?"

Nanjala alikuwa ameshika birika. Akasema, "Mama Wahu, muulize Wahu."

Nikasema, "Mimi sijui. Nadhani ni yake."

Walimpigisha magoti kwenye zulia, wakamwekea mikono kichwani na kukemea pepo karibu saa nzima, na mimi nilisimama mlangoni na trei ya mandazi. Saa kumi alikuwa ametoka na begi lake. Mama akaweka picha yake kwenye kundi la WhatsApp la kanisa na kuandika, "Akina mama, msiandike huyu kazi, anaingiza mapepo kwa nyumba," na wengine wakaituma kwenye makundi yao, na sasa mama mboga wa hapa kwetu anasema Nanjala amekataliwa nyumba tatu.

Ni miezi miwili. Nikisema ukweli mama ataaibika mbele ya wanawake anaowaongoza, na nikinyamaza siwezi kulala, kwa hivyo nimewaza nimtafute Nanjala nimwombe msamaha kimya kimya bila mama kujua. Je, hiyo inatosha?

Msomaji wa Kangemi

Mshauri anajibu:

Hapana, haitoshi.

Nianze na lililo jepesi. Katuni si kosa lako. Unaishi nyumba ya watu wawili, hujui kuongea na wenzako, ukapata hadithi ya kuchekesha ambayo kila mtu ndani yake ana kiti. Ningekuwa na umri wako ningekaa hapo nanyi nikacheka. Hakuna pepo lililotoka kwenye flashi yako. Kilichotoka siku ile ni uongo, na ulitoka kwako.

Unaniambia maneno hukwama mbele ya watu. Nakuonea huruma, binti yangu, nami nilikuwa hivyo. Lakini hesabu: siku ile yalitoka maneno matano, na yakamtosha mtu kupigishwa magoti. Usijifiche nyuma ya aibu. Ulijua mama atamshuku nani, ukamwacha amshuku.

Nanjala aliaibishwa mbele ya wanawake kumi na wanne, na picha yake ikafika kwa watu asiowajua. Ukimnong'onezea samahani pembeni utalala vizuri wewe. Yeye ataamka hana kazi.

Mama yako ataumia, ndiyo. Naye ana lake la kujibu: ameishi na mtu miaka sita, akamhukumu kwa swali moja. Ila hilo ni lake, usilitumie kupunguza lako.

Mwambie wiki hii, mchana, mkiwa wawili, na usitangulize machozi ili akuhurumie. Mwombe aandike ukweli kwenye kundi lile lile alikoweka picha. Akikataa, nenda mwenyewe kwa hao wamama Alhamisi. Mdomo ukigoma, andika kwenye karatasi usome. Ukishafanya hivyo ndipo umtafute Nanjala, ukiwa na kitu cha kumfaa mkononi, na usiende ukingoja kukumbatiwa. Si lazima akusamehe.

Kisha niandikie.

Barua ya pili, wiki tatu baadaye:

Mpendwa Mshauri,

Nilimwambia mama Jumapili baada ya kanisa, tukichambua maharagwe. Hakunipiga. Aliendelea kuchambua mpaka sinia likaisha, kisha akasema, "Na unataka niende niaibike? Hiyo mambo iliisha. Achana nayo." Nilimwomba aandike kwenye kundi akakataa.

Alhamisi nilitoka shule nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mama Carolyne, zamu ilikuwa yake. Nilikuwa na sare. Walidhani nimemletea mama kitu. Nilisoma karatasi yangu, mistari minne, na nilisoma vibaya. Nilisema flashi ilikuwa yangu, katuni zilikuwa zangu, Nanjala hakuwahi hata kugusa rimoti ila alipotumwa, na nilidanganya.

Mama Carolyne akasema, "Kwa hivyo ile saa yote tulikuwa tunakemea nini?" Mama alikuwa anaangalia mkoba wake. Ndipo Mama Carolyne akamwambia, "Mwenyekiti, wewe ndio uliweka picha. Utoe, na uandike."

Mama aliandika jioni hiyo. Aliandika, "Niliyosema juu ya Nanjala hayakuwa kweli. Ni mwaminifu. Nisameheni." Hajazungumza nami tangu siku hiyo isipokuwa kuniambia chakula kiko tayari. Jana alijiuzulu uenyekiti.

Jumamosi nilienda Kenyatta Market. Mama mboga alikuwa ameniambia Nanjala anaosha nywele saluni moja huko. Nilimkuta anampasulia msusi nywele za kuunganisha, fungu kwa fungu. Amekonda.

"Profesa," akasema. "Umekuja kusukwa?"

Nilimwambia kila kitu, kwa sauti, wateja wakisikia. Hakuacha kupasua nywele.

"Nilikungoja," akasema. "Nikasema acha nimpe dakika, huyu ni mtoto ana aibu, atasema. Nikapiga magoti bado nakungoja. Wakaniwekea mikono, nikasema sasa atasema. Mpaka nikafika geti."

Nilisema samahani. Akasema, "Sawa." Ni neno hilo tu, na hakuniangalia.

Mwenye saluni anaitwa Annah. Asubuhi hiyo mteja mmoja alikuwa amemwonyesha ile picha, na alikuwa amemwambia Nanjala wataongea jioni kama atabaki. Nilimpa simu asome ujumbe wa mama, ambao Mama Carolyne alikuwa amenitumia. Aliusoma mara mbili, akauliza, "Na huyu aliyeandika ni nani kwako?" Nikasema ni mama yangu, na niliyemdanganya ni mimi. Akanirudishia simu, akamgeukia Nanjala akamwambia, "Basi Jumatatu uje saa mbili, tuna bibi harusi."

Nanjala akasema, "Sawa, Mum." Akachukua fungu jingine.

Niliaga, hakuna aliyeitikia, nikaenda nyumbani.